Kadi Zilizobaki

Shemeji yangu hula sambaza, vidagaa vya ziwani, kwa vidole vyote vitano, kisha kwa vidole hivyohivyo hupekua kadi. Ukiniuliza mimi, mchezo wenyewe ndio huo. Meli za angani, mizinga, sayari, hayo ni mapambo tu. Mchezo ni mzee mzima, mfanyakazi wa serikali, akilamba kidole gumba mbele yangu na kukibandika kwenye uso wa amirali.

Boksi la mchezo lilitumwa na mwanawe aliye Ubelgiji. Ndani mna meli ndogo za plastiki, kete, na bunda la kadi. Kila kadi ni mtu: amirali, rubani, mpiga mizinga, fundi. Unampandisha mtu kwenye meli yako, na meli inapata uwezo wake. Amirali ni mama mwenye kovu shavuni. Akipanda meli, meli hiyo inapiga kabla ya nyingine zote. Lakini kila mtu ana bei yake ya pointi, na pointi zina kikomo, kwa hiyo ukijaza wakubwa, meli zinapungua. Kuchagua watu hao ni nusu ya vita, na nilipowatazama wakicheza mara ya kwanza niliupenda mchezo kwa moyo wangu wote.

Wakauharibu wenyewe. Kitabu cha maelekezo kinasema atakayechagua kwanza aamuliwe kwa kete. Shemeji alikisoma, akakifunga, akasema kete ni ya watu wenye hawana wakubwa. Kwao, Goma walikolelewa, sahani ya nyama ilipotua, mkubwa alitia mkono kwanza na mdogo akangoja. Basi wakaihamishia sahani hiyo mezani kwangu, hapa Mbugangari, ng'ambo ya pili ya mpaka. Mume wangu, mtu mwenye mvi, anayewaamuru madereva wa malori mpakani kutwa nzima, huketi mikono mapajani akingoja kaka yake amalize kupekua. Halafu anaokota makombo: mpishi, fundi wa mabomba, rubani mwanafunzi. Na bado anashukuru. Asante, yaya. Kwao yaya ni kaka mkubwa. Kwetu Tanzania nilikokulia, yaya ni mtu anayelea watoto wa wenzake, na huyu sijamwona akilea hata kuku.

Haya yote ningeyameza, kama si shamba. Baba mkwe alipofariki aliacha shamba kule Nyakiriba. Upande wa chini ni udongo mweusi, laini, unaoshika maji. Upande wa juu ni mawe ya volkano, ukipiga jembe linakurudishia mkono. Tangu mzee alipougua, ni mimi niliyelima upande wa chini. Samadi niliibeba kichwani, na vitunguu vilivyokuwa pale nilivipanda kwa mikono yangu. Sasa ndugu wawili walikuwa wamekubaliana kugawana siku ya Jumatatu, mbele ya kiongozi wa akagari, yaani serikali ya mtaa, na kila mtu alijua nani angetia mkono kwanza. Mtu pekee aliyeweza kusema hapana alikuwa mume wangu. Mimi ningefungua mdomo, wangesema nimeolewa na ardhi, si na ndugu yao.

Jumapili tukitoka kanisani nikamwambia waziwazi: "Leo chagua wewe kwanza. Ukishindwa kumwambia angoje kwa kadi ya karatasi, kesho kwenye shamba utamwambia nini?"

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasimama, akaweka sawa kola ya shati.

"Bon. Leo nitachagua mi."

Nikamwamini. Nilikaanga zile sambaza moyo ukiwa mwepesi, nikatia na pilipili.

Shemeji alifika, akakalia kiti cha mume wangu kama kawaida, akaanza kula. Kadi zikatandazwa. Nikasimama mlangoni na sinia mkononi, na nikaona mume wangu akinyoosha mkono. Alitangulia kweli! Kidole chake kilimgusa amirali, kikamvuta kutoka katikati ya wenzake.

Shemeji hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alicheka tu, mkia wa samaki ukimning'inia pembeni mwa mdomo, akasema mudogo wake ameshakomaa. Akakaa akimtazama, akitafuna taratibu. Na mume wangu, baba wa watoto wangu, akaichukua ile kadi, akaifuta mafuta kwa shati lake jeupe la kanisani, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nakupanguzia, yaya," alisema.

Nilirudi jikoni nikatema mate kwenye majivu. Hata leo sijui yupi alinichefua zaidi, yule aliyepokea au yule aliyetoa.

Niliporudi, vita vilikuwa vimeanza. Shemeji alikuwa amechukua wakubwa wote: amirali, mpiga mizinga bingwa, rubani mwenye nishani. Walikuwa wamemmalizia pointi, akabaki na meli mbili. Mume wangu na makombo yake alikuwa na kundi zima la vimeli. Amirali alipiga kwanza, akavunja kimoja. Vingine vikamzunguka. Mpishi akawatia wenzake nguvu, fundi wa mabomba akaziba matundu, na kabla sijamaliza kufuta meza meli zote mbili za shemeji zilikuwa zimelala ubavu. Alikuwa hajawahi kushindwa nyumbani kwangu. Akasema plastiki ni vitu vya watoto, akanawa mikono, hatimaye, akatukumbusha kwamba kesho saa mbili tuonane shambani. Akaondoka bila kuaga vizuri.

Nami, Mungu anisamehe, nikapata tumaini. Mume wangu alikuwa akikusanya vimeli huku akiimba wimbo wa kwaya, uso unang'aa. Nikajisemea, amemshinda, ameonja, kesho atasema. Nikamuuliza kesho atamwambia nini kaka yake.

Akainua kadi ya mpishi, akanionyesha.

"Umeona? Hata na zenye zinabakia, mutu anashinda. Kesho mi namuachia achague, hakuna shida. Kule kwa mawe, tutaweza."

Alicheka kwa raha, akataka nicheke naye. Nilichukua kitambaa nikajaribu kumsafisha amirali. Mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye karatasi, shavu lote limekuwa doa.

Jumatatu nilifika Nyakiriba kabla yao, na magunia. Walipokuja na kiongozi wa akagari, shemeji hakupoteza muda. Alinyoosha kidole upande wa chini, mume wangu akaitikia kwa kichwa, wakaanza kupima. Mimi niliinama nikang'oa vitunguu, tuta kwa tuta, bado vidogo, majani mabichi, vya kumtia mtu huruma. Sikubakiza hata kimoja. Shemeji akasogea, viatu vyake vya ofisi vikizama kwenye samadi yangu, akaniuliza nafanya nini.

"Nakupanguzia, shemeji," nikamwambia.