Shirika lilinipa mbuzi wa maskini kwa sababu nilikuwa nimeazimisha viti

Wakuu, heshima kwenu.

Ninachoandika hapa hakina chumvi. Anayebisha afike Nyakasimbi, Karagwe, nimwonyeshe mbuzi mwenyewe.

Kuna shirika dogo la huku huku kwetu linalopambana na umaskini. Utaratibu wake ni mzuri: kaya yenye hali ngumu inapewa mbuzi jike wa maziwa. Akizaa, mtoto wa kwanza wa kike anakwenda kaya inayofuata. Sina ugomvi na hilo.

Kijijini mimi ndiye mhamasishaji wao. Malipo ya cheo hicho ni fulana.

Wakasema wanakuja kupima hali za kaya. Nikapita nyumba kwa nyumba kutangaza. Kosa la kwanza hilo, na ni langu.

Jirani yangu ni Bibi Kokuhirwa, mjane, anaishi na wajukuu wawili. Yule mdogo alikuwa amedhoofu, kliniki wakasisitiza apate maziwa. Kijiji kizima kilijua mbuzi wa kwanza ni wa bibi.

Sasa wakuu, sisi Wanyambo wa Karagwe, mtu umwambie wageni wanakuja halafu akae tu? Bibi alifagia mpaka njia. Akatandika nyasi mbichi sebuleni. Asubuhi akaja kwangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Baba Alinda, niazime viti. Na chupa ya chai na vikombe. Na kahawa ya kutafuna kama ipo, wageni hawawezi kukaa midomo mitupu."

Nikabeba mwenyewe viti vyote sita, na meza juu. Nilijiona mtu mwema kweli.

Wapimaji wakafika kwa bibi na fomu zao. Viti vipo, tiki. Meza ipo, tiki. Chupa ya chai, tiki. Wakatafuna kahawa, wakashukuru, wakaandika hali yake inaridhisha.

Kisha wakaja kwangu. Sebule tupu kabisa! Mke wangu akawakaribisha kwenye mkeka huku akiomba radhi.

Dada mmoja kati yao akaniangalia kwa huruma. "Pole sana kaka. Na hali hii bado unajitolea kwa wenzako?"

Mtauliza kwa nini sikusema. Ningesema viti vyangu viko kwa jirani, ningemuumbua bibi wa watu. Huku kwetu ulichomwazima jirani hukitangazi. Nikanyamaza, nikijua nitarekebisha baadaye.

Nikamfuata katibu wa shirika. Alinisikiliza vizuri tu. Akasema orodha imeshapelekwa wilayani Kayanga, na fomu haidanganyi.

Mbuzi akaja kwangu. Nilijisikia mwizi. Siku hiyo hiyo nikamswaga hadi kwa bibi, nikamfunga kwenye kibanja chake pembeni ya migomba. Bibi alicheka hadi akakaa chini.

Mbuzi akazaa dume, kwa hiyo hakukuwa na wa kupeleka mbele. Lakini maziwa yakatoka, na yule mjukuu mdogo akaanza kurudisha mashavu.

Mwaka uliofuata wakatangaza wanakuja kuona maendeleo ya mbuzi. Yaani kwangu!

Asubuhi bibi akamleta kwa kamba, mzigo wa nyasi mbichi kichwani. Akanitandikia sebule yeye mwenyewe.

Wageni wakaingia. Wakaona viti sita, meza, chupa ya chai.

Yule dada machozi yakamlenga. "Mwaka jana hawa walikuwa wanakaa kwenye mkeka!"

Nikapigwa picha na mbuzi, viti vyote vimepangwa nyuma. Nasikia imebandikwa ofisini kwao, mimi ndiye success story.

Chekeni, lakini mtoto alikunywa maziwa. Shirika limefanya kazi yake, ila limepitia mchepuko.

Somo nililopata: ukitaka kumjua mwenye shida huku kwetu, usitangaze unakuja. Na usihesabu viti kabla hujajua ni vya nani.

Wageni walipoondoka, bibi akafungua kamba arudi na mbuzi wake. Nikamtania: "Bibi, wakija kupima tena, wewe kaa na mkeka wako, jina lako liingie."

Akanikazia macho.

"Mgeni aje kwangu akae chini? Mbuzi wao wabaki naye. Wewe nifutie vumbi hivyo viti."

Nimeshavifuta, wakuu. Hebu semeni ukweli: ungekuwa wewe pale kwenye mkeka, ungefungua mdomo?