Hotuba Yangu Siku ya Posa ya Dada

Nakiri mapema: nilipokuwa darasa la tano nilihutubia wageni waliokuja kumposa dada yangu, na hakuna aliyenituma.

Enzi zetu, miaka minne iliyopita, watu walijua kuongea. Vijana wa siku hizi, yaani mdogo wangu wa darasa la pili, wanakariri vichekesho vya MC wa harusi wakidhani ndio ufasaha. Sisi tulilelewa na redio ya baba mkubwa pale Muleba. Nikichunga mbuzi nilikuwa nawahutubia: "Ndugu wananchi!" Wao wanatafuna tu. Nikajua wameguswa.

Siku ya posa nyumba ilinukia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, wageni wakapewa buni za kutafuna. Kwetu, upande wa binti hujifanya haujui kilichowaleta wageni: mshenga azunguke kwa maneno weee, asifu migomba, asifu kahawa, na baba mkubwa akunje uso kama mtu aliyekatizwa usingizi. Mshenga wao, mzee kutoka Kimwani, alisifika kwa kuzunguka huko. Akasimama, akakohoa: "Sisi tulikuwa tunapita tu..."

"Mnapita kwenda wapi?" baba mkubwa akauliza, uso mkavu.

Nikapanda juu ya kigoda. "Ndugu wananchi! Msihangaike, mmefika! Tunawasubiri tangu alfajiri. Dada amebadilisha gauni mara tatu, na baba mkubwa amesema tusiwabane sana, msije mkakimbia!"

Chumbani nikamsikia dada anaanza kulia. Mshenga akachukua kofia yake. "Kama mnajua yote, mimi nimeitiwa nini hapa?" Wenzake nao wakainuka.

Mwalimu wetu wa historia anasema kuna hotuba zilizoangusha tawala. Yangu ilikuwa inaangusha ndoa.

Baba mkubwa akamshika mshenga mkono. "Mzee mwenzangu, sisi hatujasikia kitu. Tokeni, mpige hodi upya."

Wakatoka kweli, hadi kwenye migomba. Wakapiga hodi. Mzee akazunguka saa nzima, baba mkubwa akashangaa upya, na mimi nikasikiliza nikiwa nimefungiwa jikoni. Sijasikia tena uongo mtamu kama ule. Siku hizi mshenga anasoma kwenye simu, dakika tano, muziki unafunguliwa.

Wageni walipoondoka, posa imekubaliwa, mama akafungua mlango wa jikoni. Nikakinga kichwa. Hakunipiga. Akasema: "Yote uliyosema ni kweli. Ndiyo maana hatukukupa nafasi ya kuyasema."