Asubuhi Moja Nilipokuwa Farasi

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita, niliwahi kuwa farasi kwa asubuhi moja, na kesho yake nikaamka bubu. Mtaani kwetu Rahaleo mambo hayo mawili yaliunganishwa upesi kuliko mtu anavyofunga kanga.

Kwanza nieleze habari za huyo farasi, maana Mtwara farasi hatuna. Hata punda, mtu anaweza kukua asimwone. Mwalimu Eliza, aliyekuja kutoka Arusha kutufundisha chekechea kwenye baraza ya nyumba aliyopanga, alikuwa na kitabu kimoja cha picha kisicho na jalada. Akafungua ukurasa, akauliza, "Huyu ni nani?"

Rafiki yangu Zuhura akajibu kwa uhakika wote: "Mbuzi mrefu!"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Akaapa hatutamaliza muhula bila kumjua farasi. Wiki nzima tukawa kazini. Tuligonganisha vifuu vya nazi tusikie kwato zinavyolia, tukajifunza kwamba farasi huweza kulala amesimama, tukagombania nani atamnywesha maji. Mwisho tukamtengeneza. Kichwa kilikuwa boksi la kartoni. Macho tuliyatoboa, mdomo tukauchora kwa mkaa, na nywele za shingoni zilikuwa usumba wa nazi tulioubandika kwa uji wa muhogo. Mwili ulikuwa kanga mbili za Mwalimu. Mimi nikaingia mbele, kichwani. Zuhura akawa makalio, jambo ambalo hajanisamehe hadi leo.

Tukashuka barazani. Mwalimu anapiga ndoo, wenzetu wanatukimbia wakipiga mayowe, na mimi nalia kama farasi kwa pumzi zangu zote. Tulizunguka mtaa kuanzia saa mbili hadi karibu na adhuhuri.

Maskini Mwalimu Eliza, hakujua alichokifanya. Kwa Wamakonde, kitu chenye kichwa kikubwa cha kuvaliwa, nywele za kubandika na mwili uliofichwa kwa nguo, kinachotoka kwa mdundo huku watoto wakikikimbia, kina jina lake. Ni lipiko, kinyago cha ngoma za jando, na ni cha wanaume. Sisi wa kike tuliambiwa ndani yake hamna mtu, ni mzimu, na kazi yetu ni kukimbia tu. Jirani yetu Mama Shaibu alikuwa akipepeta mchele. Alipotuona alitupa ungo, akaingia ndani, akafunga mlango. Halafu akachungulia dirishani na kuona ndala zangu za njano.

"Bi Asha! Bi Asha we! Mjukuu wako kavaa lipiko!"

Bibi, aliyenilea, alikuja mbio akanivua kile kichwa. Hakunipiga. Heri angenipiga. Alisema polepole, "Mwanamke akiingiza kichwa humo, sauti yake hubaki humo humo."

Kesho yake nilifungua mdomo kuomba chai, ikatoka pumzi tupu.

Jamani. Leo niko chuo kikuu, nasimama kwenye midahalo, na najua mtoto aliyelia kama farasi asubuhi nzima lazima koo limkauke. Lakini mtoto wa miaka sita angepata wapi hoja ya kupinga? Bibi kasema, na imekuwa. Nililia bila sauti, na kulia bila sauti kunatisha kuliko kulia kwenyewe. Mama Shaibu akashauri nipelekwe kijiji cha Ziwani kwa mganga. Bibi akasema atamngoja kwanza kaka yake, Babu Chilumba, ambaye ujanani alicheza mapiko.

Babu alifika mchana. Mwalimu Eliza naye akaitwa, akaja amekipakata kile kichwa cha boksi, macho mekundu. "Nilitaka wamjue farasi tu, Babu. Nisameheni."

Swali lilikuwa moja: ni lipiko au si lipiko? Kama ndilo, basi sauti yangu imekwenda.

Babu alikigeuza kichwa huku na huku. Akapitisha kidole kwenye tundu la jicho moja, akapitisha kwenye la pili. Akagusa ule mdomo wa mkaa, akakitazama kidole chake kilivyokuwa cheusi. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Hili si lipiko."

"Una hakika, kaka?"

"Ninayo."

"Kwa sababu gani?"

"Dada, mengine ni ya wanaume."

Hapo hasira ikauzidi woga. Hukumu bila sababu! Nikasogea mpaka miguuni pake, nikajikamua: "Kwa nini, Babu?"

Ilitoka kama bawaba yenye kutu, lakini ilitoka.

"Ehee! Mmemsikia?" Babu akapiga paja. "Mke wangu huyu sauti anayo, kaichosha tu. Mpeni asali. Na wewe, mwalimu mwanangu, farasi wako mwongezee masikio, utatuulia wamama kwa presha."

Siku ya tatu niliamka nikaita, "Bibi!" Sauti nzima. Bibi alikuwa uani akikoroga uji. Hakugeuka.

"Nani ananiita?"

"Mimi, Bibi!"

"Mimi nani?"

"Somoe!"

"Sijasikia."

Nikalipiga kelele jina langu mpaka Mama Shaibu akatoka kwake na kitana kikining'inia kichwani. Ndipo Bibi alipoweka mwiko chini, akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Nilidhani moshi umemwingia.

Likizo iliyopita, tukibangua korosho, nilimwambia Bibi nimeijua sababu ya Babu. Mchezaji wa lipiko huona kupitia mdomo wa kinyago, si macho. Farasi wetu alitobolewa macho, na mdomo ulikuwa wa kuchorwa. Babu alijua mara moja, akatunyima sababu.

"Na wewe ulikuwa unajua kwamba ndani ya lipiko mna mtu?"

"Miguu ya kaka yangu niliiosha mimi tukiwa wadogo," Bibi akasema. "Nishindwe kuijua ikicheza?"

"Sasa uliogopa nini?"

Akachukua korosho nyingine, akaibangua. "Ulikuwa huongei, Somoe."

Nilikuwa na hoja zangu tayari. Na bado ninazo: kumwambia mtoto wa kike kwamba sauti yake inaweza kupotelea kwenye kitu cha wanaume ni uonevu, na nitalisema hilo popote nikipewa dakika tatu. Ila miaka yote hiyo nilikuwa nikimweka Bibi upande wa pili wa meza, kama mtu aliyedanganywa. Kumbe alijua kila kitu, na akaogopa hivyo hivyo, kwa sababu aliyenyamaza nilikuwa mimi. Nilivuta kigoda changu karibu na chake.