Baruti ya Mzee Sumaila

Rejista ya duka langu ninayo hadi leo. Ni daftari gumu lenye jalada la bluu, na ukilifungua katikati utakuta jina la Sumaila Nankwanga limeandikwa mara kumi na tatu, kwa mkono wangu, kila mara siku ya Ijumaa. Sikuwa na homa, sinywi, wala sikuwa usingizini. Ningekuwa nimetunga, ningetunga kisa kinachonipa heshima. Hiki hakinipi heshima hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kukuomba uniamini.

Kabla ya bunduki nilikuwa fundi wa kutengeneza cherehani pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Miaka ile gesi ilipoonekana baharini, mji ulijaa magari na wageni, na kila mwenye chumba cha ziada akakigeuza nyumba ya wageni. Mimi niliangalia upande wa mashamba. Watu wa vijijini walikuwa na magobole na bunduki za marisau walizorithi kwa wazee wao, zimeshika kutu, huku nguruwe wakiwamalizia mihogo. Fundi wa karibu alikuwa Pemba, mji mkuu wa jimbo. Nikajiambia, anayeijua springi ya cherehani hashindwi na springi ya bunduki. Nilinunua kitabu cha ufundi cha Kireno, kikuukuu, nikakisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, miaka miwili. Lisensa ya duka nayo ikala mwaka na nusu, kwa safari, mihuri, picha za dirisha langu lenye nondo, na sanduku la chuma ambalo ilibidi nilijengee saruji sakafuni.

Siku saruji ya sanduku ilipokauka, mke wangu Zainabu alilitazama, akafunga nguo zake.

"Mimi na vile vyuma hatulali nyumba moja," aliniambia. "Chagua."

Nilidhani anatania. Alipanda chapa, basi dogo la abiria, kwenda kwao Mocímboa, na hakurudi.

Basi nikabaki na duka. Biashara haikuwa mbaya, lakini nikuambie jambo ambalo hakuna kitabu kilichonionya: mwenye duka la bunduki hana wageni. Watu wanakuja, wanachukua chao, wanaondoka. Hakuna anayeketi. Mwenye duka la vitambaa atapigiwa soga mpaka jioni, lakini kwangu hata mtu aliyekuwa akicheka njiani alinyamaza alipofika kizingitini. Na Ijumaa ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Mkaguzi aliyenipa lisensa, mtu wa kusini, alinisisitizia kwamba saa za kazi ni saa za kazi. Duka la silaha lisifungwefungwe ovyo, akija alikute wazi. Kwa hiyo wenzangu walipokwenda msikitini, mimi nilibaki. Barabara nzima ilikuwa tupu, jua utosini, milango yote imefungwa isipokuwa wangu. Niliswali adhuhuri yangu peke yangu nyuma ya kaunta.

Ni katika saa hiyo alipokuja mara ya kwanza.

"Salaam aleikum," alisema mtu dirishani.

"Aleikum salaam. Karibu, mzee. Shikamoo."

Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu mkononi ghafla.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Alikuwa mzee mwembamba, kanzu yake ilikuwa safi ila kwenye bega la kushoto palikuwa na udongo mwekundu. Alitaka baruti kidogo na fataki chache za kuwashia gobole lake. Nguruwe, alisema. Nikamwomba lisensa. Akanionyesha kaderneta, kijitabu cha kibali cha wakati wa Wareno, imepauka hata picha haionekani. Nikamweleza kwamba hiyo haifai tena, sitaweza kumuuzia. Hakukasirika. Aliuliza kama anaweza kuketi kidogo.

Unaelewa? Aliomba kuketi. Nilimtolea kigoda kabla hajamaliza kusema.

Sharti langu mwenyewe, si la serikali, lilikuwa kumwandika kila aulizaye kitu cha bunduki, hata asiponunua. Nikaandika jina lake na maelezo ya silaha yake kama alivyonipa: gobole, mtutu umefungwa kwa waya wa shaba mahali patatu, waya wa tatu mfupi kuliko wenzake, kitako kimeshonewa ngozi ya ngiri. Nilimuuliza anakaa wapi. Akasema alikuwa akikaa Namkule, kule upande wa rasi, lakini siku moja aliamka akakuta nyumba hazipo na uzio umewekwa. Sasa yuko mahali penye udongo mwekundu asipopajua.

"Na watu wa huko hawanisalimii," aliongeza. "Natoa salaam, wanapita."

Sikushangaa. Namkule ilikuwa imehamishwa kupisha ujenzi wa kiwanda cha gesi, na mwaka ule kila mtu aliyehamishwa alisema maneno kama hayo. Amelala pengine ameamkia pengine, majirani hawajuani. Ningeshuku nini?

Akaja Ijumaa ya pili, na ya tatu. Nilimfuta udongo begani kwa kitambaa. Ijumaa iliyofuata ulikuwepo palepale. Chai nilimpa, akasema amefunga. Nikaanza kumsomea kitabu changu, nikikifasiri Kireno kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na yeye akanisahihisha.

"Huyo aliyeandika hajawahi kuwinda," alisema siku moja nilipofika sura ya kutunza mtutu. "Mafuta yote hayo? Nguruwe atakunusa kabla hujatoka nyumbani. Atakusubiri akucheke."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Nilikuwa sijacheka tangu Zainabu aondoke. Miaka yote niliyojifunza peke yangu, sikuwahi kupata mtu wa kuniambia hapa umekosea na hapa umepatia. Nilianza kuisubiri Ijumaa. Nilikuwa nanyoa ndevu Alhamisi.

Jirani yangu Ali, aliyekuwa akiziba matairi ya pikipiki, Ijumaa moja aliwahi kurudi kutoka msikitini akanikuta nafunga kitabu.

"Fundi," alisema, "nakusikia toka kona ile unasoma na kucheka. Unazisomea bunduki siku hizi? Angalia zisije zikafaulu mtihani kabla yako."

"Nilikuwa na mgeni," nikamwambia.

"Mgeni yupi? Njia ni hii moja na nimekuja nayo."

Nilidhani ni mzaha wake tu. Ali alikuwa hasemi jambo bila mzaha.

Baada ya Ijumaa ya saba, siku ya Jumatatu, alikuja mwanamke wa makamo amebeba kitu kirefu kimefungwa katika khanga. Alijitambulisha kwa jina la Mwanaidi. Akakiweka juu ya kaunta, akafungua.

Mtutu ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba mahali patatu. Waya wa tatu ulikuwa mfupi. Kitakoni palikuwa na ngozi ya ngiri.

"Hili ni gobole la marehemu baba," alisema. "Nataka lipigwe mara moja tu, juu ya kaburi lake. Mwenye kibali mjini hapa ni wewe, kaka fundi, ndiyo nimekujia."

Nilimuuliza jina la baba yake, ingawa mikono yangu ilikuwa imeshajua. Alikuwa Sumaila Nankwanga. Alikufa wakati wa vita vile vya zamani, yeye Mwanaidi akiwa msichana.

Kwetu huku, mwindaji akizikwa hupigiwa bunduki moja. Masheikh wengine hawapendi, lakini watu hufanya. Baruti tupu, bila marisau. Anayepiga humwita marehemu kwa jina na kumwambia kwamba amekufa, kwa sababu mwindaji amezoea kukaa mwituni siku nyingi kimya, na asipoambiwa atadhani bado anavizia. Mzee Sumaila hakupigiwa. Alizikwa alfajiri, haraka haraka, maana mlio wa bunduki siku zile ungewaita wenye silaha kijijini. Mlio ukaahirishwa, kisha ukasahauliwa. Kaburi likatulia chini ya mchanga wa Namkule miaka yote hiyo.

"Sasa tumemhamisha," alisema Mwanaidi. "Mifupa tumeizika upya, dua tumesoma. Lakini mama ananiambia hajatulia. Usiku anasikia mtu anapiga hodi. Ukifungua hakuna mtu."

"Mlimhamisha lini?" nikamuuliza.

Akanitajia siku. Nilifungua rejista chini ya kaunta, asione. Ijumaa iliyofuata siku hiyo ndiyo ya mara ya kwanza.

Nikamwambia ukweli wa sheria: kufyatua silaha karibu na makazi kunahitaji kibali, nitaomba. Niliomba siku ileile. Kibali kilitoka Alhamisi.

Ijumaa hiyo nilitaka kufunga duka, mkaguzi na aje. Nilikuwa nimeshashika kufuli. Tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amenisalimia, hata mmoja. Ndipo nikasikia dirishani, "Salaam aleikum." Ungekuwa wewe ungefanya nini? Niliitikia. Nikatoa kigoda. Tukaendelea na kitabu tulipoishia.

Mwanaidi alipokuja kuulizia nikamwambia, "Bado, dada. Unazijua ofisi." Kibali kilikuwa kwenye droo, sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Safari ya kutoka kijiji kipya ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Bado, dada. Nilijua kabisa nilichokuwa nafanya. Nilijua kwamba siku mlio ule utakapotoka, hakuna mtu atakayeketi kwenye kigoda changu tena. Na niliendelea kuliandika jina, Ijumaa baada ya Ijumaa. Mara saba za kwanza niliandika kwa kutojua. Sita za mwisho nilijua.

Mara ya kumi na tatu nilimkaribisha aketi, hakuketi.

"Nina shida, mwanangu," alisema. "Si ya baruti. Nataka twende wote kwangu, unisemee kwa mke wangu na binti yangu. Nimewakosea, ila sijui kosa langu. Nasimama mlangoni, napiga hodi mpaka koo linakauka. Binti anatoka, anamwaga maji, anapita. Hata macho haniinulii." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wewe peke yako unaniitikia. Mtu akiitikiwa na mmoja tu duniani, bado ni mtu?"

Sikuweza kusoma siku ile. Nilimwambia nitakwenda kwao, nitawasemea. Alinishukuru sana. Alinishukuru, unasikia? Udongo ulikuwa umeshuka kutoka begani hadi kifuani.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea Mwanaidi kibali. Hakuuliza kwa nini tarehe iliyoandikwa juu yake ilikuwa ya wiki tano nyuma, nafikiri aliiona.

Tulipiga Jumapili, baada ya alasiri. Makaburi mapya yalikuwa kwenye mteremko wa udongo mwekundu, yamepangwa mistari, hata nyasi hazijaota. Walikuwepo Mwanaidi, mama yake amekaa mkekani, na wanaume wanne wa Namkule. Nilishindilia baruti kama alivyonifundisha yeye mwenyewe, nikaweka fataki, nikaelekeza mtutu juu.

Mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea. Moshi ukatufunika. Nikasema maneno niliyopewa na mama yule: "Sumaila wa Nankwanga, umekufa. Mwitu umeambiwa, na wewe umeambiwa. Pumzika."

Moshi ulipopungua niliona wanaume wale wanne, na nyuma yao wa tano. Alikuwa akitazama jiwe la kaburi lake. Kisha akatazama mikono yake, akamtazama mkewe akilia kwenye mkeka na binti yake kando yangu, na nikaona uso wake ukielewa. Aliinua macho, hakumwangalia mtu mwingine yeyote ila mimi.

"Fundi," alisema, kwa upole uleule wa dukani. "Ulijua tangu lini?"

Mwanaidi alikuwa ananishukuru huku ameshika mkono wangu. Yeye hakusikia kitu. Nilifungua mdomo. Mzee alisubiri. Alisubiri kwa subira ya mtu wa mwituni, mpaka moshi wote ukaisha, na alipokuwa akisubiri mimi nilikuwa natazama chini, nasugua mtutu kwa kitambaa.

Nilipoinua macho walikuwepo wanaume wanne.

Mtu pekee aliyekuwa akimwitikia, naye hakumjibu.

Hodi ilikoma kwa mama yake Mwanaidi tangu usiku ule. Aliniletea kuku kwa furaha. Mimi nilikaa na duka miaka michache zaidi, kisha vita vipya vikaja, nikakabidhi kila kilichokuwa kwenye sanduku, nikaondoka na rejista peke yake. Siku hizi natengeneza cherehani tena, mji mwingine. Lakini kuna tabia iliyonibakia. Nikiingia mahali, msikitini au dukani, natoa salaam kwa sauti, kisha nasimama mpaka mtu aitikie. Kuna siku zinachelewa. Hapo hutazama mabega yangu, nione kama yana udongo.

Kama kuna mtu unayejua kwamba hajaambiwa jambo lake, mwambie. Usimfiche kwa kuwa unampenda, wala kwa kuwa mazungumzo yake yanakufaa. Mwambie kabla hajakuuliza ulijua tangu lini, maana swali hilo mimi nimelibeba hadi leo, jibu lake ninalo, na sina tena wa kumpa.