Ng'onda wa Bi Mwanaidi na Upepo wa Jua
Tangu chombo ambacho Warusi walirusha kuelekea mwezini kikutane na chembe za umeme zinazotoka juani, swali moja limeninyima usingizi: chembe hizo hupataje joto, badala ya kupoa upesi kadiri zinavyoliacha jua?

Sikujua, lakini barazani nilijigamba kuhusu "upepo wa jua, mkali kuliko moto."

Jirani yangu Bi Mwanaidi akashtuka. "Mjukuu wangu, basi nianue ng'onda wangu, samaki niliowaanika juani?"

Nikawaza: nikibabaika, wa barazani watauliza shahada yangu ni ya nini. "Anua, bibi."

Samaki, wakiwa hawajakauka, wakaozea ndani.

Leo nimekwenda kwake. "Shikamoo, bibi. Upepo ule ni mwembamba mno, hauunguzi hata unyoya. Wala sijui unapataje joto."

"Miaka yote ile ya chuo, na hujui?"

"Sijui. Nipe kisu."

Nikakaa kumpasulia samaki wapya.