Mzee wa Taa na Mirija ya Kijani

Baba yangu alifanya kazi moja maisha yake yote: kumulika matumbo ya watu. Alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji, na daktari akisema "kushoto kidogo," yeye ndiye aliyeivuta ile taa kubwa ya darini. Wenzake walimwita Mzee wa Taa hata kabla hajaota mvi. Nyumbani nako hakutuacha. Ukisoma huku kivuli kimeangukia daftari, alikuhamisha wewe, kiti na meza.

Enzi hizo tumbo lilipasuliwa wazi. Siku moja alimulika, na mrija mkuu wa nyongo ukakatwa, ukidhaniwa ni ule mdogo wa kifuko cha nyongo, ndio uliopaswa kukatwa. Mgonjwa, mama wa watoto wadogo, aligeuka manjano, akafa. Baba hakutusimulia hayo mpaka alipokwisha kustaafu, siku mama yetu alipoambiwa kifuko chake cha nyongo kimejaa mawe na lazima kitolewe. Baba alikataa katakata. Mama anajikunja kwa maumivu, yeye anasema tungoje kwanza.

Daktari wa kumpasua mama alikuwa mtu ambaye baba alimjua tangu daktari huyo akiwa mwanafunzi. Alimweleza kwa upole kwamba sasa wanapitisha kamera kwenye matundu madogo, na mgonjwa huchomwa mapema dawa ya rangi. Ini huitoa dawa hiyo pamoja na nyongo, nalo na mirija hung'aa kijani kwenye skrini. Baba hakushawishika. Mwishowe daktari akamruhusu aje ajionee, mradi asimame ukutani na asiguse kitu.

Yaliyotokea mle ndani alinisimulia daktari mwenyewe, akicheka. Kamera ilipoingia tumboni, taa zilizimwa. Mzee, kwa mazoea yake, akachomoka ukutani mkono juu, akiutafuta mpini wa taa. Muuguzi akamdaka kiunoni.

"Mzee wangu, liache giza," daktari akamwambia. "Tazama skrini."

Pale palipokuwa na mafuta na damu tu, mirija ikajitokeza kijani, mdogo na mkuu, kila mmoja na njia yake. Daktari akauonyesha ule wa kukatwa. Baba alitazama weee, barakoa yake ikalowa machozi.

Mama alipozinduka tulikuwa naye chumbani, mimi na baba. Baba alimwinamia.

"Nimeliona ini lako," akasema. "Linang'aa kweli."

Mama alikuwa bado amelewa dawa ya usingizi, lakini ulimi wake haukuwa umelala.

"Baba watoto, umeniona mpaka ini, na miaka yote hii hujawahi kuniambia unanipenda."

Baba alinigeukia, amenuna kama mtu aliyefumaniwa.

"Wewe, hebu toka nje."

Nikatoka, nikafunga mlango. Sasa wote wawili wametangulia mbele ya haki, na sijui alimwambia nini. Nawakumbuka mno.