Nilimtoa Mdogo Wangu Sadaka, Nikapigiwa Makofi

Mimi ndiye mwenye kosa, na sitaki mtu anitetee. Wako waliojaribu. Wanasema nilikuwa na bidii ya Mungu, nikateleza. Sikuteleza. Nilienda kwa miguu yangu miwili, macho wazi.

Naishi Mokowe, huku Lamu, karibu na gati. Napika chapati na maharagwe, wateja wangu ni wasafiri wa basi na boti. Wazazi wetu walitoka bara wakafia huku, wakaniachia mdogo wangu akiwa darasa la tatu. Tumwite Sabina, ingawa silo jina lake. Nilimsuka, nikamchapa, nikamsomesha. Alipotimiza miaka ishirini na mbili akaolewa na mkulima wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, akasilimu. Hakuniomba ruhusa. Alinipigia simu nikiwa nakanda unga, akasema, "Dada, nimeolewa, na nina furaha."

Hiyo furaha ndiyo iliyonichoma. Dini nilikuja kuisingizia baadaye.

Mwaka jana kanisa letu liliingia mfungo wa siku arobaini. Mchungaji alitufundisha habari ya kujikana, kumfuata Yesu kwa moyo wote bila kubakiza kitu. Kila Jumapili watu walisimama mbele, kila mtu akataja alichomtolea Bwana. Mmoja alitoa sukari. Mwingine akatoa tamthilia zake za jioni. Mzee mmoja akatoa miraa, na sote tukajua anadanganya. Mimi nikaona haya ni mambo ya kitoto. Nikashika maikrofoni nikasema, "Mimi nimemtoa mdogo wangu. Kuanzia leo simjui, mpaka arudi kwa Yesu."

Kanisa zima lilisimama likapiga makofi. Akina mama walilia, mchungaji akasema Amina mara tatu. Jamani, nisiwafiche: ule utamu sijawahi kuuonja tangu nizaliwe.

Jumanne Sabina akaja. Alikuja na mama mkwe wake, Bi Zena, mwanamke mpole wa Siyu, na mimba ya Sabina ilikuwa kubwa. Muuguzi alimwambia mtoto ametanguliza miguu, asingojee uchungu kule kisiwani, akae karibu na hospitali. Karibu na hospitali alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, ndiye mimi.

Sikufungua mlango. Nilisimama dirishani.

"Ndia ya Siyu ni mbali, mwanangu," Bi Zena akaniambia. "Na huyu siku zake zi karibu. Mweke japo wiki mbili."

"Mimi nimefunga," nikajibu. "Nimeweka nadhiri mbele ya Mungu."

Sabina akacheka kidogo, akidhani namtania kama zamani. "Dada, fungua bwana, miguu imenivimba. Nipe hata maji."

Nikampa maji katika kikombe cha plastiki, kupitia dirishani. Alipokirudisha nikakitupa kwenye takataka, wote wawili wakiniangalia. Hilo hakuna aliyenifundisha. Nililibuni mwenyewe palepale, kwa sababu nilitaka aumie.

Aliacha kucheka. Akamshika Bi Zena mkono, wakarudi gatini.

Jumapili nikaenda kutoa ushuhuda. Nikiwa kwenye foleni ya maikrofoni, simu ikawa inatetemeka mkobani. Namba ya shemeji. Ikaita mara tatu. Nikaizima, nikapanda mbele, nikasimulia habari ya dirisha na kikombe. Makofi yalikuwa mengi kuliko mara ya kwanza.

Shemeji alikuwa anataka kitu kimoja tu: nikimbie gatini nimtumie boti ya kasi. Uchungu ulikuwa umemshika Sabina asubuhi ile, na kule Siyu maji yalikuwa yamekupwa, mkono wa bahari umebaki matope, chombo hakitoki. Wakahangaika naye mpaka gati ya Mtangawanda, upande wa pili wa kisiwa, na boti ya abiria ilikuwa imeshaondoka. Alijifungulia pale pale, wanawake wamemzunguka na leso zao. Mtoto alipona. Mama damu haikukatika. Kutoka kanisani kwetu hadi gati ya Mokowe ni mwendo wa dakika tano.

Walimzika siku ileile, kama ilivyo desturi yao. Niliwasha simu jioni nikaambiwa, na nilipofika kesho yake nilikuta mikeka imetandikwa na watu wanasoma Kurani. Hakuna aliyenifukuza. Waliniletea hata chai. Nikaomba kumpakata mtoto.

Bi Zena alinitazama bila hasira. "Wewe tumekusamehe," akasema. "Lakini mtoto humshiki."

Mpaka leo sijamshika. Watu wa boti huniambia ameanza kutembea, na amefanana na mimi.

Nilirudi kwa mchungaji. Akaniambia, "Dada, mimi nilisema mtu ajikane mwenyewe. Sikusema amkane mwenzake." Nikamuuliza, "Na zile Amina zako zilikuwa za nini?" Akainamisha kichwa, akaniambia tuombe. Sikuomba.

Wewe unayefunga sasa hivi, unayetafuta cha kumtolea Bwana, nisikilize. Mimi sikujikana hata siku moja. Kiburi changu nilikishika kwa mikono miwili, nikamtolea Mungu mtu niliyekuwa nimemkasirikia tangu zamani, nikasema huko ndiko kujitoa. Sadaka isiyokuuma wewe kuna mtu mwingine inamuuma. Na wakianza kukupigia makofi, teremka hapo mbele, washa simu yako, umpigie huyo mtu kabla hujachelewa. Mimi namba ya Sabina bado ninayo. Kila Jumapili naipigia, na sasa laini ile anayo mtu mwingine, kijana wa Malindi. Amenizoea. Huniambia tu, "Mama, si yeye," halafu anakata.